Bakuli la Bluu Halirudi Tupu

Mimi ni mtu wa kushuku, sifichi. Nauza samaki wakavu, dagaa na sombe, yaani majani ya muhogo, pale sokoni Nakivubo, Kampala, na biashara hiyo haimlei mtu mwepesi wa kuamini. Wapo wanaomlowesha samaki mkavu ili awe mzito kwenye mizani. Wapo wanaochanganya dagaa na mchanga halafu wanakuapia kwa Mungu huku wanakutazama usoni. Tangu tutoke Uvira, Kongo, nimejifunza kwamba mtu akicheka sana kabla hujamwambia la kuchekesha, shika mkoba wako.

Kwa hiyo serikali ilipofunga mji kwa sababu ya korona, niliwashuku wote. Nilimshuku aliyekohoa na nilimshuku asiyekohoa. Tukaambiwa wauza chakula tutaendelea kuuza, ila tulale humohumo sokoni, tusiende nyumbani tukarudi na ugonjwa. Nikafunga chandarua juu ya meza yangu ya samaki, nikaweka sigiri ya makaa chini na godoro pembeni. Hapo ndipo pakawa nyumbani.

Binti yangu, mtoto wangu wa pekee, alikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, anasomea ualimu, anakaa hosteli upande wa pili wa mji. Chuo kilipofungwa alinipigia simu akauliza, "Mama, nije nyumbani?"

Nikafikiri. Nyumbani ni chumba kimoja Makindye, kwenye uwanja wa milango sita, na kwenye milango minne kuna wanaume ambao kazi zao zimesimama na sasa wanakaa vibarazani tangu asubuhi. Mimi sipo. Nimwache msichana peke yake katikati ya macho yale? Nikamwambia, "Baki hapo hapo. Kuna mlinzi, kuna wasichana wenzako. Chakula nitaleta mimi." Siku chache baadaye magari yakapigwa marufuku, bodaboda zikaambiwa zibebe mizigo tu, mtu asipande. Hata angetaka kuja tena, asingeweza. Uamuzi ule ulikuwa wangu, sina wa kumsukumia.

Basi nikamtafuta mwenye boda wa kunipelekea chakula. Nikampata shemasi wa kanisa letu, mzee wa miaka hamsini na kitu, mtu mkimya ambaye alikuwa amefunga kreti la soda nyuma ya pikipiki. Nilimchagua kwa sababu shemasi akila chakula cha watu ataona aibu Jumapili, hata kama makanisa yamefungwa. Kila Jumatano na kila Jumamosi nilipika kwenye sigiri, nikajaza bakuli langu la bluu la enameli, lile lenye makovu matatu kwenye mdomo, nikalifunga kwa kipande cha kitenge. Nilimwambia maneno yaleyale kila safari: "Mpe mtoto mwenyewe, mkononi. Usimpe mtu mwingine."

"Ndiyo, mama," alijibu, akawasha pikipiki.

Kwetu bakuli halirudi tupu. Ukiletewa chakula, unaosha chombo, unaweka chochote ndani, hata limau moja, hata kiganja cha chumvi, ndipo unakirudisha. Kurudisha chombo kitupu ni kumwambia mtu usije tena. Mwanangu nilimlea hivyo, na majuma ya kwanza bakuli lilirudi na vitu vya mwanafunzi: vitunguu viwili, pakiti ya biskuti iliyopungua, siku moja kalamu mpya na kikaratasi cha "asante mama." Nilicheka sana na ile kalamu. Niliandikia nayo bei za dagaa.

Juma la tano akanipigia. "Mama, hosteli wameifunga. Nimehamia nyingine."

"Wapi?"

"Bugolobi."

Nikakaa chini. Bugolobi kuna maghorofa. Kuna watu wenye friji za milango miwili. Nani anajenga hosteli ya wanafunzi Bugolobi, mbali na chuo hivyo? Nikauliza jina lake. Akasema haina jina, ni nyumba tu, wako wachache. Nikauliza wachache wangapi. Akasema mtandao unakatika.

Jirani yangu wa meza, Mganda anayeuza nyanya, alikuwa ametega sikio. Yule mama hajawahi kukosa neno. Akanitania kwa Kiswahili chake cha Kampala: "Mama Kongo, mutoto yako iko na bwana. Bwana ya gorofa."

"Mwanangu ana akili," nikasema.

"Hata mimi nilikuwa na akili," akajibu, "na nikazaa saba."

Sikulala vizuri tena. Na bakuli nalo likaanza kunichokoza. Safari ya kwanza kutoka Bugolobi lilirudi na mandazi, bado yana uvuguvugu, yana iliki, yote ya ukubwa mmoja. Nikayatazama kwa muda mrefu. Mwanangu hajui kuchemsha maziwa bila kuyamwaga. Nilimlea nikiwa sokoni tangu alfajiri, akala vya kununua, na kosa hilo ni langu pia. Lakini aliyekata mandazi yale alikuwa ameyakata maisha yake yote.

Nikampigia. "Nani kapika mandazi?"

"Tulipika, mama."

"Nyinyi na nani?"

"Sisi wa hapa."

Jumatano iliyofuata nilitazama fundo. Mwanangu hufunga kitenge ovyo, masikio mawili yananing'inia kama ya sungura. Fundo hili lilikuwa limekazwa, na ncha zimechomekwa ndani ili zisinaswe njiani. Nikamwita jirani wa nyanya aje kulitazama. Akalizungusha, akalibonyeza, akasema, "Hii mukono ya mama mukubwa. Si kijana."

Hapo shuku yangu ikabadilika sura, ikawa mbaya zaidi. Bwana peke yake ningemmudu. Ningempigia kelele kwenye simu mpaka akimbie. Lakini bwana mwenye mama, mama anayepika na kufunga mafundo ya namna ile, hiyo ni familia. Watu wanaotuma na kupokea chakula wanajengana undugu. Nikahesabu safari za bakuli nikaona kwamba bila kujua nilikuwa nimeshakula chakula cha wakwe mara tatu, na mimi nimewalisha mara tatu. Kwetu, huko ni karibu na kukubali posa.

Nikamshika shemasi. "Nani anapokea bakuli?"

"Mtoto, mama. Anashuka mwenyewe mpaka getini."

"Nyuma yake humwoni mtu? Mwanamume?"

Akafikiri kama mtu anayeapishwa. "Mimi nabeba mizigo, mama. Sibebi habari."

Nilitaka kumrushia kambale.

Ningefanya nini? Kwenda kwa miguu nisingeweza. Kutoka sokoni na kurudi kulikuwa kwa kibali, na askari wa barabarani walikuwa na fimbo. Nikaamua jambo la kijinga, ambalo nadhani mwanamke yeyote wa kwetu angelifanya. Nikasema kama ni wakwe, basi hawatasema mtoto ametoka kwa watu wasiojua kupika. Nikanunua kuku wa kienyeji kwa bei ya aibu, nikampika kwa mchuzi wa karanga, nikalijaza bakuli hadi kifuniko kikagoma. Likarudi na chapati, nyembamba, zimekunjwa kwa pembe. Nikatuma samaki wa kuokwa na ndizi za kukaanga. Likarudi na maharage ya nazi. Nazi, Kampala, wakati wa korona! Huyo mama alikuwa ananijibu. Jirani wa nyanya alianza kungoja siku za bakuli kuliko siku za malipo, na kila mara alionja na kutoa hukumu. "Leo yeye nashinda," aliniambia kuhusu yale maharage, nami sikumsemesha hadi jioni.

Kwenye simu mwanangu alizidi kuwa mfupi. Nikamwambia awashe kamera, nimwone. Akaiwasha: uso wake, na nyuma yake ukuta. Alikuwa amenenepa kidogo. Nikamwambia ageuze simu nione chumba. Akasema chaji inaisha. Wakati huohuo nikasikia mtu akikohoa, kikohozi cha mtu mzima.

"Nani huyo?"

"Redio, mama."

"Redio inakohoa?"

Akakata. Nilikuwa na mtoto mmoja tu duniani. Baba yake alikuwa amekufa miaka sita kabla. Kama kuna watu walikuwa wananichukulia mtoto kidogo kidogo, kwa chapati na mandazi, nilitaka angalau nijue majina yao.

Jumamosi ile ikaja sombe.

Lazima niseme kwanza habari za mume wangu. Hakuweza kula pilipili wala mawese mengi, tumbo lilimsumbua tangu ujana. Kwa hiyo mama yake alimpikia sombe ya peke yake: majani yaliyotwangwa kwa kinu, si ya mashine, na ndani yake ndizi mbichi moja iliyopondwa, ilete uzito badala ya mafuta. Sijawahi kuiona kwa mtu mwingine. Mama mkwe alinifundisha mimi kule Uvira. Alipokuja Kampala uzeeni, akamfundisha na mwingine.

Huyo mwingine ni mbanda wangu. Ndivyo sisi Wakongomani tunavyomwita mke mwenza, na neno lenyewe halina asali. Mume wangu alimwoa hapa hapa Kampala bila kuniambia, nikaja kuambiwa na watu wa kanisani. Yule mwanamke hakubahatika kupata mtoto. Miaka yote nilimkataza mwanangu asikanyage kwake wala asile kwake. Na kwenye matanga ya mume wangu, yule mwanamke alikuja na sufuria la chakula kichwani, akalitua mbele ya wafiwa. Nililiinua nikalimwaga kwenye mfereji. Nikasema, watu wote wakisikia, "Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mgumba hapiki matanga kwangu." Nikampa sufuria lake tupu. Alilipokea, akaondoka. Sikuuliza tena alikohamia.

Sasa nikafungua bakuli, nikachovya kidole, nikaonja. Majani yalikuwa magumumagumu ya kinu. Na chini yake, ndizi.

Jirani wa nyanya akaniuliza kama ina sumu, maana nilikuwa nimesimama na kidole mdomoni. Nikabeba bakuli mpaka ukingoni mwa mfereji wa soko. Mikono inakumbuka, ilikuwa imeshaliinamisha. Lakini nikataka kwanza nimsikie mwanangu, nikampigia kwa mkono mwingine.

"Uko kwa nani?"

Akaanza tena habari za mtandao.

"Nimeonja sombe. Usinidanganye tena. Uko kwa nani?"

Akaanza kulia. "Kwa mama mdogo."

"Mama mdogo nani? Mimi nina mdogo wangu Bugolobi?"

"Unamjua, mama."

Kisha akanieleza, na nilimwacha aseme. Mwenye hosteli aliwapa siku mbili watoke. Alibeba godoro kichwani na begi mgongoni, akatembea mchana kutwa, askari wakamrudisha mara mbili. Hakujua pa kwenda ila pale. Yule mwanamke alikuwa akishona nguo katika kijumba cha nyuma ya maghorofa, na tangu mwaka wa kwanza alikuwa anakwenda chuoni kumtazama, anampelekea sabuni, anarudi zake. Miaka mitatu, na mimi sijui. Mimi ninayempindua kila samaki.

"Alikuuliza nini ulipofika?"

"Aliniuliza, 'Umekula?' Basi."

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Ungeniambia nitoke," akasema. "Na ningetoka, mama, kwa sababu ni wewe. Ningelala wapi?"

Nilijitafuta ndani nikajua kwamba kweli ningemwambia atoke. Ningemwambia alale kituo cha polisi kuliko kwa yule. Jambo hilo liliniuma kuliko uongo wake wote.

"Na hii sombe? Alitaka kunicheka?"

"Nilimkataza asiipike. Akasema utaijua, na ni bora ujue kwa ulimi wako kuliko kwa watu." Akavuta pumzi. "Mama, kila bakuli likirudi kutoka kwako ananiuliza jambo moja tu. Ananiuliza kama ulikula au ulimwaga."

Nilikata simu. Nikarudi mezani na bakuli, nikaketi juu ya godoro, nikala. Sikumpa jirani hata tonge. Nilikula mpaka enameli ikaonekana, na sikuwa nimekula sombe ya namna ile tangu mume wetu afe. Ndiyo, nimesema wetu. Nililia pia, lakini chini ya barakoa nani anajua. Jirani wa nyanya, ambaye hajawahi kukosa neno, alikuwa akipanga nyanya zilizokwisha pangwa.

Msidhani nilisamehe siku hiyo. Usiku kucha nilikuwa nauliza alitaka nini. Mtu asiye na mtoto hampendi mtoto wa mbanda wake bure, nilijiambia. Labda anataka mwanangu amzike. Labda anataka siku ya mahafali akae mbele. Lakini asubuhi nililiosha bakuli, na bakuli halirudi tupu. Jumatano nikaazima kinu kwa Wakongomani wenzangu mwisho wa soko, nikatwanga sombe mpaka mabega yakawaka, nikaponda ndizi mbichi moja. Nikafunga kitenge. Shemasi akafika na kreti lake, akangoja maneno yangu ya siku zote.

"Mpe mwenye nyumba," nikasema. "Mkononi."

Akanitazama mara ya kwanza tangu tuanze safari zile. "Si mtoto?"

"Mwenye nyumba."

Bakuli halikurudi. Jumatano ile halikurudi, Jumamosi halikurudi. Nikasema unaona, nilijua. Nikamhoji shemasi kama mwizi. Akasema alilikabidhi, na mama yule alilipokea kwa mikono miwili, akasema atakayelitaka alifuate mwenyewe. Shemasi alikuwa nayo habari hiyo tangu Jumatano. "Hukuuliza," akanijibu.

Ilibidi ningoje hadi magari yaliporuhusiwa. Njiani kwenda Bugolobi nilikuwa nimepanga maneno, mengi, na mengine yalikuwa makali. Nilibisha mlango wa kijumba nyuma ya maghorofa. Akafungua, ana barakoa aliyojishonea, nami nina yangu. Alikuwa amezeeka. Nadhani na yeye aliona hivyo kwangu.

"Umekula?" akauliza.

"Nimekula," nikasema, na nilikuwa nimemdanganya. Akasogea, nikaingia. Nilitazama kila kitu: kitanda kilichotandikwa vizuri, cherehani, vitabu vya mwanangu vimepangwa juu ya sanduku la vitambaa, bakuli langu la bluu mezani limefunikwa. Sikuona cha kushuku na hilo lenyewe lilinitia shaka.

Mwanangu alikuwa nyuma, jikoni, hajui nimefika. Kitu kilichemka kikamwagika motoni, akaita kwa sauti, "Mama!"

Tukaitika sote wawili.

Yule mwanamke akaziba mdomo kwa mkono juu ya barakoa, akarudi nyuma hatua moja, macho chini, kama siku ile nilipompa sufuria. Alikuwa ananipisha. Nami nilikuwa nimeshainua mguu kwenda jikoni kwa mwanangu, ambaye nilikuwa sijamwona kwa macho yangu tangu mji ufungwe.

Nikaketi kitini. "Nenda wewe," nikamwambia. "Maziwa yanamwagika, na yeye hajui kuyazuia."